Nguvu Isiyo na Sharti: Kifo cha Mfalme wa Usiku katika "The Long Night" kwa Mizani ya Fumo Liyongo na Kinjeketile

Mnamo tarehe 28 Aprili 2019 kituo cha runinga cha HBO cha Marekani kilirusha sehemu ya tamthiliya ya Game of Thrones iliyopewa jina la "The Long Night", yaani Usiku Mrefu. Ilikuwa sehemu ya 3 ya msimu wa 8, na ya 70 kati ya sehemu 73 za tamthiliya nzima. Iliongozwa na Miguel Sapochnik na kuandikwa na David Benioff na D. B. Weiss, ina urefu wa dakika 82, na maonesho yake ya nje yalipigwa picha kwa usiku 55. Pamoja na jasho lote hilo, kwa wengi waliofuatilia tamthiliya hiyo tangu 2011, sehemu hii ikawa mwanzo wa kukata tamaa. Uhakiki huu unachunguza sababu ya kukata tamaa huko. Unadai kwamba kasoro ya msingi haimo katika giza la picha wala katika wingi wa mashujaa waliosalimika, mambo mawili yaliyolalamikiwa sana. Imo katika namna nguvu isiyo ya kawaida inavyoondolewa duniani bila mtu yeyote kuijua, bila sharti lake kuvunjwa na bila deni lolote kubaki nyuma yake.

Ni mazoea katika tafiti za Kiswahili kuchukua nadharia iliyozaliwa kwingine na kuipimia kazi ya Kiswahili, mara nyingine kwa kuibana kazi hadi ienee katika kipimo. Hapa mwelekeo umegeuzwa. Kazi ya kigeni inapimwa kwa kazi mbili za Kiswahili ambazo nazo zinasimulia nguvu zipitazo uwezo wa binadamu: Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhamadi Kijumwa (1913), na tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Ya kwanza ni ya pwani ya kaskazini, Pate na jirani zake. Ya pili inahusu bonde ambalo maji yake yanaanzia mbali zaidi ya Rufiji yenyewe. Mto Kilombero, ambao huitwa pia Ulanga, hupita Kivukoni karibu na Ifakara, pale ambapo magari yalivushwa kwa pantoni kabla ya kujengwa daraja. Kisha huteremka na kukutana na Luwegu, na hapo ndipo unapopatikana Rufiji. Mto anaozama Kinjeketile jukwaani, na kutoka akiwa na habari za maji ya Hongo, umebeba maji ya Kivukoni.

Uhusiano huo si wa kijiografia tu. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga walilishambulia boma la Mahenge, ng'ambo ya kusini ya mto huo, wakiwa na imani kwamba maji yatawakinga na risasi. Bunduki za rashasha za Wajerumani ziliwaua kwa mamia. Katika bonde hili, kwa hiyo, swali la nini hutokea nguvu isiyo ya kawaida inapokutana na chuma lina makaburi yake. Msomaji aliyekulia Ifakara au Mahenge hahitaji kufundishwa kwamba nguvu ya namna hiyo huja na masharti, kwamba ina wenyewe, na kwamba kushindwa kwake huacha watu waliohai wakiwa na la kujibu.

Muhtasari wa mambo yanayohusika unahitajika kwa msomaji asiyeifahamu tamthiliya yenyewe. Onesho la kwanza kabisa la Game of Thrones, lililorushwa tarehe 17 Aprili 2011, halihusu wafalme wala viti vya enzi. Linahusu askari watatu wanaotoka nje ya Ukuta mkubwa wa barafu na kukuta maiti zilizopangwa kwa umbo maalumu, kisha wanavamiwa na viumbe wa barafu waitwao White Walkers. Kwa kuanzia hapo, watunzi wanamwambia mtazamaji kwamba ugomvi wote wa koo utakaofuata ni mdogo ukilinganishwa na jambo linalokuja kutoka kaskazini. Kiongozi wa viumbe hao, Night King, yaani Mfalme wa Usiku, huwafufua wafu na kuwafanya jeshi lake. Katika "Hardhome" (2015), sehemu ambayo pia iliongozwa na Sapochnik, anasimama ufukoni, anainua mikono polepole bila kutamka neno, na mamia ya watu waliouawa muda mfupi uliopita wanafumbua macho ya rangi ya buluu. Hakuna muziki. Onesho hilo ni miongoni mwa maonesho bora ya fantasia katika runinga ya karne hii, na ndilo lililoifanya hadhira isubiri miaka minne.

Katika "The Long Night" jeshi hilo linafika kwenye ngome ya Winterfell. Mapigano yanadumu usiku kucha. Wafu wanavunja kuta, wanaamka hata ndani ya makaburi ya chini ya ardhi walikofichwa wanawake na watoto. Mfalme wa Usiku anamfikia kijana Bran Stark, aliyewekwa chini ya mti mtakatifu kama chambo. Ghafla Arya Stark, dada yake Bran, anaruka kutoka gizani. Anakabwa koo, anaachia kisu kidondoke kutoka mkono mmoja, anakidaka kwa mwingine na kumchoma mfalme huyo. Anavunjika vipande kama kioo. Papo hapo jeshi lake lote linaanguka.

Kuhusu giza, maneno machache yanatosha. Mpiga picha wa sehemu hii, Fabian Wagner, alijitetea kwamba giza lilikusudiwa na kwamba runinga nyingi hazikurekebishwa vizuri. Utetezi huo una ukweli ndani yake, lakini unamwomba mtazamaji arekebishe chombo chake ili aione kazi, na katika kibanda cha video chenye runinga moja ndogo na mlango ulio wazi ombi hilo halina mahali pa kwenda. Hata hivyo giza lina kazi yake ya kisanaa. Onesho la wapanda farasi wa Dothraki ni ushahidi. Mapanga yao yanawashwa moto kwa dua ya kuhani Melisandre, wanapiga mbio kuelekea wasikokuona, na kwa mbali mianga inazimika mmojammoja hadi kimya kinabaki. Mtazamaji haoni adui hata mara moja, na anaogopa zaidi kuliko wakati mwingine wowote katika dakika zilizobaki. Anayeilaumu sehemu hii kwa giza lake analaumu kitu kilichofanya kazi.

Kasoro inaanza pale inapoulizwa: nguvu hii ina sharti gani? Neno sharti limetumiwa hapa kwa maana inayofahamika katika uganga na katika ngano: jambo ambalo nguvu inategemea, ambalo likivunjwa nguvu hupotea au humgeukia mwenyewe. Pete isivuliwe, jina lisitajwe, mlango wa saba usifunguliwe. Sharti ndilo linaloifanya fantasia isiwe fujo, kwa kuwa humpa mtazamaji cha kuhofia na cha kutumainia. Maia Green (2003), aliyefanya utafiti miongoni mwa Wapogoro wa Ulanga, ameeleza kwa kina unyoaji wa watuhumiwa wa uchawi. Anayetuhumiwa hunyolewa nywele na kupewa dawa, na baada ya hapo akirudia uchawi hujidhuru mwenyewe. Nguvu haiuawi, inafungwa kwa sharti, na jamii inaendelea kuishi na mtu aliyekuwa nayo. Kwa hadhira iliyokulia katika mantiki hiyo, adui wa kishetani asiye na sharti lolote linalojulikana si wa kutisha zaidi. Ni adui ambaye hajafikiriwa vya kutosha.

Game of Thrones ilipokuwa katika ubora wake ilizijua kanuni hizi. Katika "The Door" (2016) Bran anasafiri kwa njozi, Mfalme wa Usiku anamshika mkono ndani ya njozi hiyo hiyo, na alama inabaki kwenye ngozi yake. Kwa sababu ya alama hiyo kinga ya pango alimojificha inavunjika, adui anaingia, na mtumishi mwaminifu Hodor anakufa akiuzuia mlango. Hapo kuna sharti, kuna uvunjaji wake, na kuna mtu anayelipa. Katika sehemu hiyo hiyo mtazamaji anaelezwa asili ya mfalme mwenyewe: alikuwa binadamu, akafungwa kwenye mti na watu wa kale wa misituni, wakamdidimizia jiwe kifuani ili awe silaha yao dhidi ya binadamu wenzake. Silaha ikawashinda wenye kuitengeneza. Hadithi ya namna hiyo ina uzito mkubwa wa kimaadili, na mtu angetarajia kwamba anayetaka kumwangamiza atalazimika kurudi kwenye kosa hilo la mwanzo.

Hakuna anayerudi. Mahali pa sharti hilo panajazwa na kanuni nyingine iliyoingizwa mwaka mmoja baadaye, katika "Beyond the Wall" (2017): akiuawa mmoja wa White Walkers, wafu wote aliowafufua huanguka. Kanuni hii ni rahisi mno. Inageuza janga la kiulimwengu kuwa swali la shabaha, na ndiyo inayowezesha vita ya usiku mzima kumalizwa kwa nukta moja. Silaha nayo si siri. Tangu "Hardhome" inajulikana kwamba chuma cha Valyria huwaua viumbe hao. Kilichobaki ni mtu kusogea karibu tu, na namna Arya alivyosogea haioneshwi. Anawapita maofisa wa mfalme waliosimama pande zote, na dalili pekee ni unywele wa mmoja wao unaopeperushwa na upepo.

Utenzi wa Fumo Liyongo unalishughulikia tatizo hilo hilo, yaani namna ya kumuua asiyeuawa, kwa njia iliyo kinyume kabisa. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo ndiyo moyo wa msuko. Mfalme wa Pate hawezi kuipata kwa nguvu, kwa hiyo anamtumia mwana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi makubwa. Mwana anamuuliza baba. Baba anatambua kinachokusudiwa na bado anamwambia. Kufikia hapo sindano haijatengenezwa, lakini msiba umekwisha kutokea, kwa sababu kilichouawa kwanza ni udugu wa damu. Na Liyongo hafi akapotea. Anaamka na jeraha lake, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde, na akafa hivyo hivyo. Watu wanaogopa kwenda kuteka maji, kwa kuwa hawajui kama amekufa. Mji mzima unakaa na kiu mbele ya maiti. Mwana naye hafaidi alichoahidiwa.

Inaweza kupingwa kwamba ulinganishi huo hauna haki, kwa kuwa Liyongo ni shujaa na Mfalme wa Usiku ni adui. Watu humlilia shujaa, hawamlilii adui. Pingamizi hilo halifiki mbali. Kwa watu wa Pate waliomtaka afe, Liyongo alikuwa tishio, na ndio hao hao wanaoteseka kisimani. Utenzi unaelewa kwamba nguvu kubwa haiondoki mahali bila kuacha umbo lake pale ilipokuwa. Winterfell haina kisima. Mfalme akishavunjika, hata theluji aliyoileta haimkumbuki.

Kinjeketile inaleta ugumu zaidi, na ndiyo inayopasa kujadiliwa kwa tahadhari. Mtetezi wa "The Long Night" anaweza kusema kwamba hata Ebrahim Hussein hafafanui. Hongo haonekani jukwaani. Msomaji hajui kama Kinjeketile alikutana na mzimu majini au alipatwa na kitu kingine. Maji hayana maelezo zaidi ya yale aliyonayo Mfalme wa Usiku, na bado tamthiliya hiyo inasomwa zaidi ya nusu karne baada ya kuchapishwa. Kwa nini basi ukimya uwe sifa kwa Hussein na dosari kwa Benioff na Weiss?

Jibu limo katika mahali ukimya ulipowekwa. Katika Kinjeketile wahusika wenyewe wanaugombania. Kinjeketile anapotambua kwamba ujumbe alioutoa kwa kinywa chake mwenyewe unataja kuwa chini ya Seyyid Said, anaanza kushuku ametumiwa, na shaka hiyo inamgawa na watu wake. Kitunda anadadisi kwa akili ya kijeshi: maji yataliwezaje jeshi lenye silaha? Wengine hawataki kungoja. Neno limekua kuliko aliyelisema, na vita inaanza bila amri yake. Mwishoni, akiwa ameshikwa na Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, akifikiria watoto watakaorithi neno hilo. Msomaji anaondoka bila kujua kama maji yalikuwa kweli, lakini anajua kwa uhakika yalimaanisha nini kwa kila aliyesimama jukwaani. Fumbo limefanya kazi ya kuwagawa na kuwafunua watu.

Winterfell hakuna anayegombana kuhusu maana ya Mfalme wa Usiku. Sehemu iliyotangulia, "A Knight of the Seven Kingdoms", iliyoandikwa na Bryan Cogman, ilitoa mwanzo mzuri: Bran anawaambia wenzake kwamba adui anataka kuufuta ulimwengu, na kwamba anamtafuta yeye kwa kuwa yeye ndiye kumbukumbu yake. Ni wazo lenye kina. Adui wa kumbukumbu ni adui wa kila jamii inayosimulia. Lakini wazo linasemwa kwa sentensi chache katika kikao cha mipango ya vita, na usiku wa vita Bran anayapeleka macho yake kwa kunguru na kukaa hivyo kwa muda mrefu bila kuelezwa alichokifanya. Wawili hao wanapotazamana hatimaye chini ya mti, kumbukumbu na usahaulifu ana kwa ana, hawana la kuambiana. Muziki wa kinanda wa Ramin Djawadi unabeba kila kitu ambacho hati ya mchezo haikuandika, na kwa dakika kadhaa unakaribia kufaulu.

Katika vibanda vya video vya Tanzania, wasimulizi wa filamu kama Lufufu wa Dar es Salaam, aliyechunguzwa na Matthias Krings, hujaza kwa Kiswahili kile ambacho filamu haisemi: nasaba za wahusika, sababu za ugomvi, hata mawaidha. Onesho la chini ya mti lingempa msimulizi wa aina hiyo nafasi pana kuliko ilivyo kawaida. Huo ni mzaha kiasi, lakini si mzaha wote. Sanaa ya usimulizi huo imekua kwa kujua mahali hadhira itakapouliza "kwa nini", na hapo hadhira yoyote ingeuliza.

Ni haki kukiri kwamba kifo chenyewe kimetayarishwa kwa upande mmoja. Kisu anachotumia Arya ndicho kilichotumwa kumuua Bran katika msimu wa kwanza, na Bran ndiye aliyempa Arya kisu hicho, chini ya mti ule ule, katika msimu wa 7. Mafunzo ya Arya ya uuaji yamechukua misimu kadhaa. Kifani, kwa hiyo, vionambele vipo, na wanaosema kwamba tukio lilidondoka kutoka mbinguni hawakutazama kwa makini. Lakini vionambele hivyo vyote vinamhusu muuaji na chombo chake. Havimhusu anayeuawa. Ni sawa na utenzi ambao ungetueleza kwa beti nyingi namna sindano ya shaba ilivyofuliwa na usitaje kitovu.

Mhusika mmoja tu katika sehemu hii anaishi kwa mantiki ya sharti na deni, naye ni Melisandre. Kwa misimu mingi amefanya miujiza kwa jina la mungu wake wa moto, amechoma watu wakiwa hai, pamoja na mtoto wa kike aliyependwa na watazamaji. Usiku huu anawasha mapanga, anawasha handaki, anamkumbusha Arya kazi yake. Alfajiri anatoka nje ya ngome peke yake, anavua mkufu uliomhifadhi ujana, anazeeka kwa kila hatua na kuanguka juu ya theluji. Hakuna anayemuua. Kazi yake imekwisha na alichokopa kinarejeshwa. Dakika hizo za mwisho zinaonesha kwamba waandishi walijua namna ya kuufunga muujiza, ila walimfungia mwezeshaji na kumsahau mwenye nguvu mwenyewe.

Sehemu inayofuata, iliyorushwa tarehe 5 Mei 2019, inaanza kwa kuchoma maiti za mashujaa. Baada ya hapo kuna karamu, pombe na mapenzi, kisha safari ya kusini kugombea kiti cha enzi. Vita ya Maji Maji iliacha njaa iliyoendelea kuua baada ya bunduki kunyamaza. Hapa hata njaa ya majira ya baridi yaliyotangazwa kwa misimu minane haiji. Sehemu tatu zilizobaki hazina anayeuliza Mfalme wa Usiku alitaka nini, wala maana ya alama alizoziacha kwa miili ya watu tangu onesho la kwanza. Katika sehemu ya mwisho Bran anachaguliwa kuwa mfalme kwa hoja kwamba ana kisa kuliko wote, na katika baraza hilo hakuna anayemwomba akisimulie. Jon Snow, aliyetumia ujana wake wote akiulinda Ukuta dhidi ya wafu, anahukumiwa kurudi katika kikosi kile kile cha walinzi. Anauliza, kwa mshangao wa kweli, kama kikosi hicho bado kipo. Jibu analopewa ni kwamba dunia itahitaji daima mahali pa kuwaweka wana haramu na watu waliovunjika.